Hamnet: hivi Agnes hakumsamehe mumewe haraka mno?

Mshonaji wa Ngamiani

Wapendwa, nina jambo linanikera na nyumbani hakuna wa kubishana naye. Nimemaliza Hamnet, riwaya ya Maggie O'Farrell iliyotoka mwaka 2020. Binti yangu alikuja nayo likizo akaisahau juu ya cherehani. Nimeisoma taratibu, kamusi pembeni, umeme ukikatika naendelea kwa tochi ya simu. Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa, maana ugomvi wangu uko mwishoni hukohuko.

Kwa ambao hawajaisoma: ni mji wa Stratford, Uingereza, mwaka 1596. Hamnet, mtoto wa miaka 11, anateremka ngazi akitafuta mtu mzima, yeyote yule, kwa sababu pacha wake Judith kashikwa na homa na kavimba shingoni. Nyumba nzima hamna mtu ila babu, fundi wa glavu, naye kalewa, na badala ya kumsaidia mjukuu anampiga na kikombe usoni. Mama, yaani Agnes, yuko mbali shambani na nyuki wake. Baba yuko London. Ugonjwa ni tauni. Usiku Hamnet anajilaza ubavuni mwa pacha wake ili kifo kichanganye, kimchukue yeye. Kinachanganya kweli. Baba anaingia mbio akiamini aliyekwenda ni Judith, anamkuta Judith yu hai, anashusha pumzi, ndipo anaonyeshwa.

Huyo baba mwandishi hamtaji jina kitabu kizima. Mara ni mume, mara ni mwalimu wa Kilatini, mara ni baba. Lakini tunamjua sote, ndiye Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alimfasiri.

Sehemu ya pili inaanza maiti imelazwa. Mimi mtaani huitwa kuosha maiti za wanawake na watoto, kwa hiyo si mgeni wa maji ya mkunazi wala karafuu maiti, na kurasa zile nilizisoma nimesimama. Kuna mahali mwandishi anauliza mtu anawezaje kutafuta senti mbili akaziweka juu ya macho ya mwanawe ili yafumbe. Anauliza tu, hajibu. Hapo nikamheshimu.

Sasa yaliyonifika mimi. Mwanangu wa kwanza alifariki kwa malaria akiwa darasa la tatu. Baba yake ni dereva wa malori ya Kongo. Siku hiyo yuko kwenye foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Kwetu maiti haingoji. Mtoto akazikwa baada ya alasiri, baba yake akisikilizia kwenye simu. Alipofika, matanga yameshaanuliwa na mikeka ya watu imesharudishwa. Akakaa kidogo, akapakia tena, akaondoka. Safari iliyofuata lori linarudi, juu ya kioo cha mbele kuna jina la mwanangu, rangi nyekundu, ua huku na ua huku. Nilitetemeka kwa hasira. Jina la mtoto wangu likapigwe vumbi Tunduma na Nakonde, walisome makuli na wauza mayai wasiomjua!

Agnes yamemkuta hayohayo. Mama yake wa kambo anamletea karatasi ya tangazo la mchezo wa kuigiza wa mumewe, Hamlet, jina la mtoto wake liko juu, herufi kubwa. Anapanda farasi na kaka yake Bartholomew mpaka London, anajipenyeza hadi mbele ya jukwaa, analisikia jina linatoka midomoni mwa watu baki. Anawaka. Kisha anatokea kijana mwigizaji anayetembea kama Hamnet, anayegeuza kichwa kama Hamnet, na mumewe mwenyewe ndiye anayeigiza mzimu. Basi, hasira kwisha, kurasa chache tu.

Mimi imenichukua miaka, na sina hakika kama nimemaliza. Mwandishi kaharakisha, au kuna kitu sikukiona?

Bint Kisauni

Dada wa Tanga, pole sana. Mtoto hazoeleki kukosekana, hata watu waseme nini.

Kitabu sasa. Nani kakwambia Agnes kasamehe? Rudi uangalie: kinapokatika, wale wawili hawajaongea hata neno moja. Yeye kanyoosha mkono kuelekea jukwaani, mume bado kajipaka unga wa mzimu, mwandishi kafunga duka. Mimi nasema alifanya makusudi, kwa sababu angewafuata mpaka nyumbani tungesikia mambo mengine kabisa. Mwanamke aliyeachwa na mabinti wawili na mama mkwe, mume yuko mjini anajenga jina, eti amalize yote kwa kutazama mchezo alasiri moja? Kaguswa, sikatai. Lakini kuguswa si kusamehe.

Nikisema la kwangu, mimi hicho kitabu kiliniudhi kwa mapambo. Jani moja linapewa sentensi tatu. Kilichonishika ni ile sura ya kiroboto. Kiroboto anatoka kwa nyani kule Alexandria, anapanda kwa mtoto wa melini, meli inazunguka bandari hadi bandari, paka wanakufa, mabaharia wanakufa, mwisho viroboto wamo kwenye boksi la shanga za vioo za Murano, wakafunguliwa Stratford na mtoto wa kike aliyetaka tu kuziona shanga. Niliisoma mwaka uleule wa 2020, sisi huku Mombasa tuna kafyu na barakoa, na kila mzigo unaoingia Kilindini tunautazama kwa jicho la pembeni. Sikulala.

Mwalimu Kihonda

Mama Mshonaji, pole kwa msiba, na ahsante kwa kuuliza vizuri kuliko wanafunzi wangu.

Niongeze ya historia, kwa sababu swali lako la "haraka" lina jibu huko. Hamnet na Judith halisi walibatizwa tarehe 2 Februari 1585. Hamnet akazikwa tarehe 11 Agosti 1596. Kitabu cha kanisa hakikuandika kilichomuua. Tauni ni ubunifu wa O'Farrell. Tamthilia ya Hamlet ilikuja kama mwaka 1600, tofauti ya miaka minne hivi. Kwa hiyo ile kurasa chache unayoilaumu inabeba miaka minne ya watu kutosemezana, na mwandishi kaipitisha miaka hiyo kwenye mambo ya nyumbani: nyumba kubwa iliyonunuliwa, bustani ya dawa, Agnes asiyeweza kuinuka kitandani, Susanna, binti yao mkubwa, anayeshika funguo. Ukiisoma sehemu ile kwa kasi, mwisho unakuja ghafla. Mimi nilipoirudia niliona hasira yake inapungua kidogo kidogo tangu anapokiona kile chumba cha mumewe London, chumba cha mtu asiyestarehe.

Kuhusu jina. Wale pacha waliitwa kwa majina ya majirani, mume na mke, Hamnet na Judith Sadler. Katika wosia wa Shakespeare wa mwaka 1616 huyo jirani anaachiwa fedha za kununulia pete, na jina lake limeandikwa Hamlett. Stratford ya wakati ule Hamnet na Hamlet ni jina moja, limeandikwa tu hivi ama vile. Agnes hakukosea kuona ni jina la mwanawe. Hata yeye Agnes tumezoea kumwita Anne, lakini wosia wa baba yake unamwita Agnes, ndiko mwandishi alikolitoa.

La mwisho, nalo nadhani ndilo ulilolipita. Mzimu kwenye tamthilia ni baba. Aliyekufa ni baba, mtoto ndiye yu hai jukwaani mzimu unapotokea. Mapokeo yaliyoandikwa na Nicholas Rowe mwaka 1709 yanasema Shakespeare mwenyewe aliigiza mzimu huo. O'Farrell kalichukua hilo akaliunganisha na kitanda cha Judith: Hamnet alibadilishana nafasi na pacha wake, na baba anafanya kilekile alichofanya mwanawe. Anajilaza yeye mahali pa maiti. Agnes anaelewa haraka kwa sababu mchezo huo ulishachezwa nyumbani kwake.

Halafu tusisahau, aliyempeleka mume London ni Agnes mwenyewe. Ndiye aliyeona anaoza chini ya baba yake mkali, akapanga na Bartholomew mpaka mzee akadhani wazo la kuuza glavu London ni lake.

Mshonaji wa Ngamiani

Mwalimu, la mzimu nimelipokea. Sikuliona, na nimekaa nalo tangu mchana, hata kanzu ya mtu nimeikosea kola.

La kumpeleka London silipokei. Kumtuma mtu kazini si kumtuma asirudi. Amezika mwanawe, udongo haujakauka, anasema kampuni ya waigizaji inamngoja. Agnes anamuuliza utaondokaje, naye hana jibu la maana. Hapo mwandishi alikuwa upande wangu kabisa, ndiyo maana nasema mwishoni kanisaliti.

Utingo Mstaafu

Shikamooni. Kitabu sijakisoma wala sidhani kama nitakisoma, nimeletwa hapa na neno Kasumbalesa. Nimekuwa utingo wa malori njia hiyohiyo, Dar, Mbeya, Tunduma, Nakonde, mpaka Lubumbashi, ujana wangu wote. Niseme la lori tu.

Mama, unajua gari si la dereva. Gari la tajiri. Kuandika jina juu ya kioo cha tajiri ni lazima uombe, na matajiri wengi wanataka jina la kampuni yao au aya au jina la mtoto wao wao. Kwa hiyo mzee wako alikwenda kumuangukia mtu. Na fundi wa kuchora analipwa na dereva, si ofisi. Mimi nimeona dereva anakosa posho ya njiani kwa ajili ya maandishi.

La pili. Njiani dereva haitwi jina lake, anaitwa gari lake. Foleni ya Tunduma unaweza kukaa mpaka ukajuana na mbuzi wa pale. Anayeuza chai hakuiti Juma, anakuita kile kilichoandikwa mbele. Sasa fikiri. Nyumbani baba anaitwa Baba Fulani kwa jina la mtoto wa kwanza. Mtoto akifa, watu wanaona aibu kulitaja, wananyamaza, au wanahamia kwa mtoto wa pili. Yule bwana kafika nyumbani kachelewa, hajaona maiti, hajashika jeneza, na mtaa mzima umeacha kumwita kwa jina alilolizoea. Akirudi njiani, kila kituo anaitwa jina la mwanawe kuanzia Chalinze. Na mtu akiuliza huyu ni nani, anapata nafasi ya kueleza. Mtaani kwenu nani alimuuliza?

Simtetei. Kina mama mnabaki na kitanda cha mtoto na sare za shule, sisi tunabaki na usukani. Nimesema tu nilichokiona.

Bint Kisauni

Utingo, wewe hujasoma kitabu na umekieleza kunishinda mimi niliyesoma mara mbili. Nina wivu.

Mwalimu Kihonda

Na kuna ushahidi wake ndani ya tamthilia, Mzee Utingo, ingawa hukuutafuta. Katika Hamlet, mfalme aliyekufa anaitwa Hamlet na mwanawe anaitwa Hamlet vilevile. Kwa hiyo yule mume alipopanda jukwaani na deraya yake na uso mweupe, jina alilokuwa amelibeba mbele za watu ni la mtoto wake. Nimefundisha tamthilia hii na sikuwahi kuitazama kwa upande huo, upande wa mtu anayetaka kuitwa tena.

Mshonaji wa Ngamiani

Mzee Utingo, marahaba, ingawa yawezekana wewe ndiye mkubwa.

Mtaani mimi sasa naitwa kwa jina la huyu binti. Ilianza wiki ileile, mjumbe alikuja na daftari la rambirambi akaniita kwa jina la mdogo mtu, wengine wakafuata, nadhani kwa huruma. Sikuwahi kuwasahihisha, na sikuwahi kufikiri kwamba baba yake naye alibadilishiwa jina siku aliyotia mguu nyumbani.

La nani alilipia rangi pia sikuwahi kuuliza. Tuliligombania lile jina wiki nzima, nikamwambia alifute, akasema halifutwi. Basi. Kuanzia hapo tukawa tunaongea ada na unga.

Lakini naomba mnielewe, hoja yangu kuhusu kitabu haijafa. Bint Kisauni kasema hawaongei, Mwalimu kasema miaka minne. Sawa. Mimi ningependa kurasa kumi zaidi baada ya mchezo, wako kwenye kile chumba kikavu, Bartholomew kaenda kutafuta chakula, wamebaki wawili. Amwambie: mbona hukuniuliza? Jina hilo nililibeba na mimi tumboni, mbona hukuniuliza kabla hujalibandika ukutani London? Mwandishi mwenye uwezo wa kumfuata kiroboto kutoka Misri hadi Uingereza angeshindwa kuwafuata watu wawili mpaka chumbani?

Doto wa Sengerema

Nimewasoma wote mnavyogombana juu ya baba na mama. Jamani, na Judith?

Mimi ni Doto. Pacha wangu Kulwa alikufa tukiwa wadogo, kwa hiyo hii riwaya niliifungua kwa tahadhari kubwa. Watu huja msibani wanamshika mama mkono, wanamshika baba mkono, wewe uliyebaki wanakutazama. Wanakutazama kama picha ya marehemu. Mama yangu mwenyewe kuna nyakati alikuwa akiniona natokea mlangoni anashtuka, kisha anajifanya kutafuta kitu.

O'Farrell hilo kalijua. Mkunga anapomwambia kamuona kaka yake akipita mbio usiku, Judith anaanza kutoka usiku kumtafuta. Hakuna anayempeleka yeye London. Mbele ya jukwaa amesimama mama, mjomba kaja naye London. Pacha mwenyewe, ambaye kifo kilikuja kwa ajili yake kikaondoka na mwingine, ameachwa nyumbani. Mshonaji, unauliza kama Agnes alisamehe haraka. Mimi nauliza nani alimwonyesha Judith chochote.

Na Judith wa kweli alipata zaidi ya hapo. Aliolewa mwaka 1616, mwaka aliokufa baba yake. Mtoto wake wa kwanza alimpa jina Shakespeare, akafa mchanga. Wengine wawili, Richard na Thomas, walifikia ujana wakafa wote mwaka 1639, wamepishana kidogo tu. Yeye akaishi mpaka 1662. Aliwazika wote.

Lakini kuna kitu baba alimfanyia, nacho kitabu hakikukigusa. Karibu na wakati wa Hamlet aliandika tamthilia nyingine, Twelfth Night, tunajua ilichezwa London Februari 1602. Pacha wawili, wa kike Viola na wa kiume Sebastian, meli yao inavunjika, Viola anaamini kaka yake kazama. Anavaa nguo za kiume, anaishi kwa sura ya kaka yake. Mwishoni Sebastian anatokea, mzima, na watu wote jukwaani wanashindwa kuwatofautisha. Viola hamkimbilii. Anamuuliza maswali kwanza kama polisi wa mpakani, baba yako nani, ulitoka wapi, anaogopa ni mzimu. Wanatambuana kwa baka lililokuwa kwenye paji la uso la baba yao, baba aliyekufa Viola akiwa na miaka 13. Angalieni: hapa tena baba ndiye kafa, watoto wamebaki.

Ile sehemu ya maswali nimeisoma mara nyingi kuliko riwaya yote. Ingekuwa mimi, Kulwa angetokea sasa hivi pale stendi, na mimi ningeanza kwa kumuuliza jina la bibi.

Mwalimu Kihonda

Doto, pole, na umenipa kipindi kizima cha wiki ijayo. Tulipata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, tukapata Makbeth na Tufani kwa mkono wa Samuel Mushi, basi tukazoea kumjua Shakespeare wa visu na fedha. Huyu wa pacha waliopotezana hatukumlea.

Mshonaji wa Ngamiani

Doto mwanangu, pole. Binti yangu alikuwa na miaka minne kaka yake alipofariki, na mimi nilikuwa nahesabu kwamba hakumbuki. Nimemuuliza jana kwa simu. Anakumbuka. Anakumbuka mpaka viatu.

Msimamo wangu naubadilisha nusu. Kwamba Agnes kasamehe haraka, hilo naliondoa, Bint Kisauni kashinda. Kwamba mume aliondoka mapema mno, hilo silitoi hata mlete wosia wa kifalme. Na nyongeza ya Doto naiandika kwa wino: wangemchukua Judith, farasi walikuwepo.

Hiyo ya Viola binti kanitumia kwa Kiingereza, ngumu mara mia kuliko riwaya, kamusi yenyewe inakwama. Nimefika anapoomba nguo za kiume kwa kapteni. Kama fundi nauliza: zile nguo kamkatia nani, na kwa kipimo cha nani? Doto, wewe uliyesoma mara nyingi unijibu hilo kabla sijaendelea.

Doto wa Sengerema

Hakuna aliyemkatia maalumu. Lakini mbele kidogo, mwishoni mwa tendo la tatu la tamthilia, Viola anasema rangi na mapambo yote aliyovaa ameyaiga kwa kaka yake. Endelea, mama.